Akiba Haiozi Ikiwa Mahali Pake

Mada kuhusu utunzaji wa vitu nyumbani, iliyotolewa kwa wakazi wa Kilwa Masoko



Nashukuru kwa kukaribishwa Masoko. Nimepewa dakika chache nizungumze kuhusu kupanga nyumba na kuvipa vitu mahali panapofaa. Nilipokuwa nikiingia ukumbini, mzee mmoja aliniuliza kwa mzaha: tangu lini serikali ikawa na neno juu ya mvungu wa kitanda cha mtu? Swali lake ni la haki, nami nitaanza kwa kulijibu.

Taasisi za umma zenye jukumu la kumlinda mlaji hukagua bidhaa bandarini, kiwandani, ghalani na dukani. Mkaguzi husoma lebo, hupima uzito, hutazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Lakini bidhaa ikishalipiwa na kuvuka kizingiti cha nyumba yako, mkaguzi hapigi hodi tena. Kuanzia hapo mkaguzi ni wewe. Dawa iliyotoka kiwandani ikiwa nzima huharibika juu ya dirisha linalopigwa na jua. Unga uliopimwa ukaonekana salama hupata kuvu katika kona yenye unyevu. Mafuta ya taa yaliyouzwa kihalali huwa sumu ya mtoto yanapotiwa katika chupa ya maji. Kazi yote iliyofanywa kabla ya hapo inaweza kupotea kwa sababu ya mahali tu. Ndiyo maana leo tumefika hadi mvunguni, na wahenga walikwisha kutuambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kona ya akiba

Katika nyumba nyingi ipo kona moja ambayo mgeni haonyeshwi. Humo mna ndoo iliyopasuka, redio iliyonyamaza, simu mbovu tatu, madumu matupu, kiatu cha mguu mmoja, vidonge vilivyobaki tangu homa ya mwaka juzi, na mfuko wa salfa ya mikorosho uliokunjwa mdomo. Ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini vitu hivyo vipo, atakujibu: akiba haiozi.

Sikuja kuibeza methali hiyo. Anayeishi kwa ufuta na korosho hupata fedha kwa msimu. Mvuvi wa dagaa hupata siku za giza, na mbalamwezi ikitanda hukosa. Mtu ambaye kipato chake huja na kuondoka namna hiyo, akitunza kitu kwa ajili ya kesho, hafanyi uchafu wala ubahili. Anajikinga. Kwa hiyo sitawaambia mtupe vitu ovyo, wala sitawaletea picha za nyumba zenye kiti kimoja na ua moja. Ninachotaka kusema ni kwamba methali ile ina sharti ambalo wazee hawakulitamka kwa sababu walilijua: akiba haiozi ikiwa mahali pake.

Ushahidi tunao ng'ambo ya maji. Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, hutembelewa na wageni kwa ajili ya misikiti na makasri. Lakini ukiingia katika nyumba za makazi za mji ule, tazama kuta. Utaona zidaka, yaani vishubaka vilivyoachwa ukutani tangu wakati wa kujenga. Fundi aliyeujenga ukuta alijua kwamba nyumba itakuwa na vitu, na kwamba vitu vitahitaji mahali.

Hata nyumba za udongo na makuti zilikuwa na hekima hiyo hiyo. Mahindi ya mbegu yalikaa darini juu ya meko ili moshi uwafukuze wadudu. Chakula kilichopikwa kilitundikwa katika susu ili paka na panya wasikifikie, au kilifunikwa kwa kawa ili nzi wasitue. Mtungi wa maji uliwekwa kivulini. Nguo na hati za familia zilikuwa ndani ya kasha lenye kufuli. Kila mahali palikuwa jibu la adui fulani: mdudu, panya, jua, maji, mwizi.

Kilichobadilika ni vitu vyenyewe. Katika umri wa watu waliomo humu ukumbini zimeingia nyumbani petroli ya injini za boti na pikipiki, viuatilifu vya mashamba, mitungi ya gesi, vidonge vya kila namna, dawa za kusafishia choo na betri. Nyumba haikuwa na kidaka cha vitu hivyo. Hakuna bibi aliyetufundisha mahali pa mtungi wa gesi, kwa sababu hakuwa nao. Vitu hivyo vikaingia bila kupangiwa mahali, vikaishia nyuma ya mlango na chini ya kitanda, jirani na mchele na karibu na mto wa mtoto.

Chupa isiyo na jina

Nitawasimulia jambo la nyumbani kwetu. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Mafuta ya taa tulikuwa tukinunua kwa kipimo kidogo na kuyatia katika chupa ya maji ya kunywa, nayo ilikaa sakafuni kando ya jiko. Siku moja mdogo wangu wa miaka miwili alirudi kutoka kucheza juani akiwa na kiu. Aliiona chupa aliyoizoea, akanywa. Mama alifanya alichofundishwa na majirani: akamtapisha kwa kidole, kisha akampa maziwa. Usiku ule mtoto alianza kupumua kwa taabu, na alilazwa hospitali siku kumi na moja. Daktari alieleza kwamba mafuta ya taa huumiza zaidi yanapoingia mapafuni kuliko yanapokaa tumboni, na kumtapisha mtoto huyapa njia ya kuingia mapafuni. Mdogo wangu alipona. Mama hajasahau mpaka leo, ingawa hakuna aliyemlaumu. Alikuwa mama mwema katika nyumba ambayo mafuta hayakuwa na mahali.

Kutokana na hayo nawaomba mshike kanuni tatu.

Kwanza, kitu chenye sumu kisihamishwe kutoka katika chombo chake. Chombo cha asili kina jina la bidhaa, maelekezo na alama ya hatari. Ukikihamishia katika chupa ya soda au ya maji, umekivua jina. Mtoto asiyejua kusoma husoma umbo la chupa, na chupa ya soda kwake ina maana moja tu. Kama mafuta yananunuliwa kwa kipimo, basi yawe na dumu lake moja, lisilofanana na chombo chochote cha kinywaji, lenye kifuniko kinachobana na alama iliyoandikwa kwa rangi.

Pili, vyenye sumu vikae juu na vifungwe. Kasha la mbao lenye kufuli, lililopigiliwa ukutani juu kuliko kimo cha mtoto, linatosha. Lisiwe jikoni wala chumba cha kulala. Humo viwekwe viuatilifu, sumu ya panya, dawa za kusafishia na maji ya betri. Dawa ya klorini na dawa ya choo yenye asidi zisikae pamoja wala zisichanganywe kamwe, kwa kuwa zikikutana hutoa hewa inayochoma mapafu.

Tatu, kifungashio cha sumu hakina maisha ya pili. Najua mfuko wa salfa wa kilo 25 ni imara na unavutia macho ya mtu mwenye ufuta wa kuhifadhi. Usiutumie. Unga wa salfa tunaoupuliza mikoroshoni dhidi ya ubwiriunga huwasha macho na kifua, hushika moto kwa urahisi, na moshi wake unakaba pumzi. Kwa hiyo mfuko uliobaki usilale chumbani na watu, usikae karibu na jiko, na usichomwe uani. Chupa ya kiuatilifu cha maji ikiisha, isuuzwe mara tatu, maji ya suuzo yarudishwe ndani ya bomba la kupulizia, kisha chupa itobolewe ili asije mtu akaichotea maji. Afisa kilimo wa kata ataeleza mahali pa kupeleka vifungashio hivyo. Usimamizi wa viuatilifu nchini uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, nayo ndiyo inayosajili dawa za shamba. Chupa isiyo na lebo ya usajili usiinunue tangu mwanzo.

Wavuvi wetu na vijana wa bodaboda nawaongezea neno. Mvuke wa petroli hauonekani, na ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni mpaka ukutane na koroboi au jiko la mkaa lililo chumba cha pili, na moto hurudi kwa njia ile ile. Dumu la petroli lisiingie ndani ya nyumba wanamolala watu. Liwekwe nje, kivulini, mbali na moto, lisijazwe hadi mdomoni. Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ifundisheni hata kwa watoto.

Na ikitokea mtu amekunywa mafuta, kiuatilifu au dawa ya kusafishia: usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta ya kula kwa kudhani yataua sumu. Kama amemwagikiwa, mvue nguo na uoshe ngozi kwa maji mengi. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu mara moja, na uende na chupa au mfuko wenyewe ili mganga asome jina. Kutoka hapa Masoko hadi Hospitali ya Wilaya ya Kinyonga kule Kivinje si hatua chache. Muda unaopotea kwa kujaribu tiba za jirani ni muda wa mgonjwa.

Mtungi wa gesi

Sisi wa Kilwa tuna gesi yetu. Tangu mwaka 2004 gesi asilia ya Songo Songo inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba iliyomo mtungini jikoni ni ndugu wa ile. Zinatofautiana kwa jambo moja linalohusu maisha yako. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja hupanda juu. Gesi ya mtungi ni nzito, ikivuja hushuka, hutanda sakafuni na kujificha katika mashimo na pembe. Dirisha la juu peke yake halitoshi kuiondoa. Inahitaji mlango au tundu la chini.

Mitungi inazidi kuingia majumbani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema kwa mapafu ya akina mama na kwa misitu yetu. Lakini ni lazima mtungi upewe kidaka chake.

Mahali pake ni sakafu tambarare, penye hewa inayopita, ukiwa umesimama wima. Usilazwe, usiwekwe mvunguni, usiwekwe kando ya jiko la mkaa linalowaka. Mpira wa gesi usipite nyuma ya jiko penye joto. Ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu. Ukitaka kujua kama panavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio. Panapochemka mapovu ndipo penye tundu. Usitafute tundu kwa kiberiti. Ukisikia harufu, ambayo huongezwa kwa makusudi kwa sababu gesi hii haina harufu ya kutosha kukuamsha, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango, toeni watu nje.

Na dukani, mwombe muuzaji aupime mtungi mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu yake. Ongeza kilo za gesi ulizolipia, na jumla ilingane na mizani.

Chakula na dawa

Akiba ya chakula ndiyo inayoheshimiwa zaidi, nayo ndiyo huoza kwa siri zaidi. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki kwa sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu katika mahindi na karanga. Waliokula walikuwa wakila chakula cha nyumbani mwao. Sumukuvu haionekani kwa macho, haina harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Namna ya kuikwepa ni kukausha vizuri tangu shambani na kuhifadhi mahali pakavu.

Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwaka mzima. Gunia likiegemezwa ukutani au kuwekwa sakafuni hunywa maji polepole, na kuvu huanzia upande usiouona. Liwekwe juu ya chaga za mbao, liache nafasi ya mkono kati yake na ukuta. Kausheni juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo. Anayeweza anunue mifuko isiyopitisha hewa, ambayo wengi huiita kinga njaa, na aifunge barabara. Mahindi au karanga zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye kuvu zitengwe, wala zisipewe kuku kwa kuona uchungu wa kutupa. Na chakula kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Mama anayemwaga unga mpya juu ya unga wa zamani huihifadhi ile sehemu mbovu daima chini ya debe.

Kuhusu usimamizi, ni vizuri mjue mahali pa kupeleka malalamiko. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula na vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Dawa na vifaa tiba viko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Ukikuta bidhaa iliyoharibika dukani, itunze pamoja na kifungashio chake na risiti, kwa maana lalamiko lisilo na kielelezo huwa gumu kufuatiliwa.

Dawa za hospitali hupenda mahali pakavu, penye giza na ubaridi wa kadiri. Dirishani, juu ya friji, ndani ya choo na katika pochi inayoshinda juani si mahali pake. Ziache katika pakiti yake, maana ukizimwaga katika kikopo kimoja umechanganya majina na tarehe. Wenye kutumia insulini na hawana friji wamwulize mhudumu wa afya jinsi ya kutumia mtungi wa udongo wenye ubaridi, insulini ikiwa ndani ya chombo kisichoingiza maji. Mtungi wa bibi bado una kazi.

Na ile akiba ya vidonge vilivyobaki? Nusu dozi uliyoiweka ni dalili kwamba ugonjwa uliopita haukutibiwa ukaisha, au kwamba ugonjwa ujao utatibiwa kwa kubahatisha. Dawa zilizopita tarehe zisitupwe chooni, baharini wala jalalani wanakochezea watoto. Zipeleke kituo cha afya au duka la dawa uulize zinapokelewa wapi ili ziteketezwe kwa utaratibu.

Karatasi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi Mei mwaka 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikumba pwani yetu, mvua zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi pale Somanga. Maji yanayoweza kukata barabara ya lami hayashindwi na bahasha iliyo chini ya godoro.

Kila familia iwe na mfuko mmoja usioingiza maji, uliowekwa juu, ambao watu wazima wawili wanajua ulipo. Humo viwemo vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya taifa, hati ya kiwanja au shamba, kadi za kliniki, stakabadhi za ghala za ufuta na korosho, na risiti za vitu vya thamani pamoja na kadi za dhamana. Maji yakija, mtu hubeba watoto na mfuko huo, akatoka.

Risiti zina udhaifu ambao wengi hatuujui. Nyingi za mashine huandikwa kwa joto, si kwa wino. Zikikaa juani au pochini hufifia mpaka zikawa karatasi nyeupe. Mama mmoja alinionyesha risiti ya friji lililoharibika kabla ya miezi sita. Dhamana ilikuwa ya mwaka mzima, lakini karatasi haikuwa na neno hata moja. Piga picha ya risiti siku ile ile uliyonunua, kisha umtumie mtu unayemwamini, ili simu ikipotea haki yako isipotee nayo.

Tuanzie wapi

Atakayerudi nyumbani akataka kupanga kila kitu kwa siku moja, jioni atakuwa na nyumba iliyovurugika kuliko asubuhi. Chukueni kona moja kwa siku moja, na muanze na mvungu. Toeni kila kilichomo, mkiweke uani penye mwanga, kisha kila kitu kiulizwe: Je, tunakijua ni nini? Kimetumika tangu msimu uliopita? Ni kizima, au kitatengenezwa na fundi kabla ya mwezi kwisha? Yupo mtu mwingine anayekihitaji zaidi yetu? Kwa majibu hayo kitu kitarudi ndani, kitakwenda kwa fundi, kitagawiwa au kitaondolewa.

Kinachorudi ndani kipewe mahali kwa kufuata kazi yake na adui yake. Kinachotumika kila siku kiwe karibu na mkono. Kinachotumika kwa msimu, kama wavu wa akiba au mkeka wa shughuli, kiwe juu au nyuma. Kinachoogopa maji kiwe juu, kinachoogopa jua kiwe gizani, na kinachomdhuru mtoto kiwe chini ya kufuli. Kisha waambieni wote wa nyumba, hata wadogo. Mahali panapojulikana na mtu mmoja tu hapafai siku mtu huyo akiwa safarini.

Vitu vichache viwe na uangalifu wake. Friji au jokofu bovu ling'olewe mlango kabla ya kuwekwa uani, kwa kuwa mtoto akijificha ndani na mlango ukajifunga hupungukiwa na hewa upesi. Betri ndogo za duara, zenye umbo la sarafu, zisiachwe popote mtoto anapofika. Ikimezwa moja, inaweza kuchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili, na mtoto apelekwe hospitali hata kama halii.

Vipo pia vitu visivyopimwa kwa matumizi. Kanga ya mama aliyetangulia, tasbihi ya babu, kofia ya mume aliyekwenda baharini asirudi. Msiviulize maswali yale. Navyo vinastahili kidaka, labda kilicho bora kuliko vyote, mbali na nondo na unyevu. Tukiondoa madumu yaliyopasuka, nafasi ya kanga hiyo itapatikana.

Ndugu zangu, sina amri ya kuwapa, maana nilikwisha sema kwamba ndani ya nyumba mkaguzi ni wewe. Nina ombi moja. Leo jioni, kabla taa haijazimwa, kila mmoja wetu atazame jikoni na mvunguni atafute chupa moja isiyo na jina. Akiipata, asiulize ni ya nani. Aiondoe chini, aifungie juu, na kesho aitafutie chombo chake. Watoto wa nyumba hiyo hawatajua kwamba kuna jambo limefanyika.